Amri ya Kifua Wazi

Kando ya Matema,
14 Februari 1954

Mdogo wangu Lazaro,

Ugonile? Sisi tumeamka salama, Kyala, Mungu wetu, ashukuriwe. Mvua mwaka huu haina adabu. Mto Lufilyo umepasua kingo, na waliotoka Kyela wanasema mpunga wa Mbugani wote umelala chini ya maji. Mama mdogo Damari anapanda upya. Vyungu vyangu navyo havikauki. Nikifinyanga leo, kesho nakuta mdomo umelegea kama wa mlevi.

Shemeji yako Eliya ni mzima, anavua. Tangu ziwa limchukue mwanetu Ambilikile mwezi wa saba uliopita, amekuwa mtu wa maneno machache. Mwanao Ezra uliyetuachia naye mzima. Yuko darasa la tatu, anasoma kuwapita wenzake, na miguu imemrefuka kama ya korongo. Huwa ananiuliza unarudi lini. Nimwambie nini?

Sasa neno lililonikalisha chini. Shuleni kaja mwalimu mkuu mpya kutoka Tukuyu, jina lake Hezroni, kijana mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Ameleta amri. Siku za mazoezi ya viungo na mpira, mtoto yeyote asiingie uwanjani na nguo alizotoka nazo nyumbani. Wasichana wabadilishe katika chumba cha mke wake, Felista, wavae gauni la kitambaa cha marekani. Wavulana wabadilishe nyuma ya darasa, wavae kaptula nyeupe peke yake, kifua wazi. Anasema nguo za nyumbani zina jasho na chawa. Atakayekataa atachapwa mstarini mbele ya wenzake.

Nakuomba umwandikie mwalimu huyo, wewe baba wa mtoto. Mwambie Ezra ana kifua kibovu, asivuliwe shati. Usiniulize sababu. Wewe andika tu.

Barua yako usiitume nyumbani. Itume kanisani, nitaichukua Jumapili.

Dada yako,
Atuganile


Kitwe,
21 Machi 1954

Dada yangu Atuganile,

Ndaga fijo kwa barua. Nilipoiona kalamu yako nikasikia harufu ya tanuri la vyungu. Mimi nipo, nala, nalala. Wiki iliyopita mgodini mwamba uliwaangukia wawili wa zamu yetu. Mmoja alikufa papo hapo. Wa pili tulimkuta amebanwa kiunoni, damu inamtoka masikioni, naye anaomba maji kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeketi sebuleni. Alikufa kabla hatujainua jiwe. Kesho yake tukashuka tena.

Nakueleza hayo ili uelewe jibu langu. Dada, unataka niandike uongo. Ezra hana kifua kibovu. Mtoto alizaliwa akilia mpaka ng'ambo ya ziwa wakamsikia. Siku ya kuajiriwa hapa, daktari alituvua nguo mstarini, wanaume wazima, wazee wenye wajukuu, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Amri ni amri. Mimi nilichapwa shuleni mpaka nikakojoa, na ndiyo maana leo nasoma barua yako bila kumwomba mtu.

Mwambie Ezra baba yake anataka awe wa kwanza kuvua na wa kwanza kukimbia. Namletea kaptula mbili nyeupe kwa mkono wa Angetile, anayerudi likizo.

Kuhusu kurudi kwangu, tutazungumza siku nyingine.

Ni mimi ndugu yako,
Lazaro


Kando ya Matema,
9 Mei 1954

Mdogo wangu Lazaro,

Salamu nyingi, na pole kwa wenzako waliofunikwa na mwamba. Huku maji yamepungua. Tumeanza kuchoma vyungu, na juma lililopita nilikwenda na mtumbwi wa akina mama mpaka Mwaya, tukauza vyote. Angetile alifika, kaptula nimezipokea.

Ezra alizivaa Jumatatu. Alivaa kaptula, lakini juu akabaki na shati lake la kaki, amelifunga mpaka shingoni. Haya niliyapata kwa watoto, na mengine kwa mwalimu mwenyewe.

Mwalimu Hezroni alimwita mbele. "Vua."

Ezra akasema, "Nichape, mwalimu. Sitavua."

Akamchapa mikononi. Ezra hakurudisha mikono nyuma. Akachapwa tena, vidole vikavimba, naye akawa anasema neno lile lile, sitavua, sitavua, mpaka watoto wengine wakaanza kulia. Mwalimu akaona anaaibishwa. Akamwamuru kiranja, Yakobo, amvue kwa nguvu. Lazaro, mwanao mpole yule alimrukia Yakobo akamng'ata sikio, na hakuachia. Yakobo alipiga yowe mpaka wavuvi wakasimama mitumbwini. Walipowatenganisha, kipande cha sikio kilikuwa mchangani, na Ezra anatema damu isiyo yake.

Alikimbia. Tulimtafuta hadi jioni, tukamkuta amejibana kati ya mawe kule wanakochimba udongo.

Mwalimu alikuja nyumbani. Nilidhani kaja kututukana, lakini alikaa kwenye kigoda na kuuliza kwa upole, "Mtoto huyu anaficha nini?" Eliya akamjibu, "Anaficha ujinga wake. Nenda, nitamnyoosha." Mwalimu alinitazama mimi. Nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta.

Sasa mgongo wa Ezra una majeraha mabaya. Halali chali. Namkanda kwa maji ya chumvi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nilikuomba barua moja tu, ndugu yangu, barua ndogo ya kifua.

Atuganile


Kitwe,
20 Juni 1954

Dada,

Salamu zako nimezipata, lakini za kwangu leo hazitoki vizuri. Barua yako nimeisoma nikasikia masikio yanavuma. Kuchapa mikono ni haki ya mwalimu. Kumchuna mtoto mgongo ni kazi ya mchinjaji. Huyu Hezroni alifikiri Ezra hana baba? Alifikiri baba yake amefukiwa na mawe huku?

Kama si mkataba ningepanda lori leo hii. Kwa kuwa siwezi, nimemwandikia shemeji Eliya barua yake mwenyewe. Nimemwambia hivi: wewe ndiye uliyesimama mahali pangu. Mtoto nimemweka mkononi mwako, mwili wake na roho yake. Nenda kwa mwalimu huyo mbele ya watu, umfanye alivyomfanya mwanangu, na akikuuliza nani kakutuma, taja jina langu.

Usimzuie, dada. Wanawake mna huruma mahali pasipostahili.

Lazaro


Kando ya Matema,
22 Agosti 1954

Lazaro,

Nakusalimu. Mama mdogo anakusalimu. Mpunga aliopanda upya umekubali. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo.

Barua yako kwa Eliya ilifika kabla ya ile uliyoniandikia mimi. Aliisoma mlangoni, akaikunja, akaicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Kisha akaanza kutembea nayo. Kilabuni, sokoni, kwa wavuvi, kila mahali akiwaonyesha: tazameni, baba wa mtoto anasema mwalimu kamchuna mwanawe. Watu wakaamini. Baba yake Yakobo, ambaye sikio la mwanawe lilikuwa bado linatoa usaha, akasahau ugomvi wake na sisi akaanza kumlaani Hezroni.

Ijumaa, wiki mbili zilizopita, ilikuwa siku ya michezo. Mzungu wa elimu alikuja kutoka Tukuyu kukagua. Watoto walipangwa mistari, kaptula nyeupe, wanapendeza. Ezra alikuwa amesimamishwa kando ya bendera na shati lake, kwa kuwa ndiyo adhabu aliyopewa: asicheze, atazamwe. Mimi nilikuwapo, nimeleta togwa kwenye vyungu vya kuwauzia wageni.

Eliya alikuja akipita katikati ya watu. Mkono mmoja barua yako, mkono mwingine mpini wa jembe. Alipaza sauti, "Hezroni! Baba wa mtoto amenituma!" Mwalimu aligeuka na filimbi bado iko mdomoni. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, tuliusikia mfupa. La pili lilimpata kinywani, na ile filimbi ikaingia ndani pamoja na meno. Akaanguka. Watu wakapiga kelele, "Mpige! Mpige!" Baba yake Yakobo alimkanyaga mbavuni. Mzungu alisimama na kikombe chake, mdomo wazi. Felista alikuja mbio akitaka kumlalia mumewe, wakamvuta kwa nywele wakamtupa pembeni. Lazaro, ni watu wetu hao. Ni watu tunaoshiriki nao Meza ya Bwana.

Hapo ndipo Ezra alipolia, "Tata, acha!" Tata, kama tunavyomwita kila baba. Eliya hakuacha. Basi mtoto akashika shati lake. Vifungo vilivyobaki vilikuwa viwili tu, lakini vidole vilimkataa, akalipasua. Shati lilikuwa limegandana na kidonda. Alilivuta, nikaona uso wake unavyojikunja. Akawageuzia watu mgongo.

Hata waliokuwa wanapiga waliteremsha mikono. Mgongo ule ulikuwa na alama za zamani zilizokwisha kuwa nyeusi, na mbichi juu yake, zimesokotwa kama kamba iliyozipiga. Mvuvi yeyote angeitambua kamba ile.

Ezra akasema, "Si mwalimu. Mwalimu alinichapa mikononi. Huku ananipiga Tata Eliya, kwa kamba ya mtumbwi."

Eliya alimwendea. Hakukimbia, alitembea. Aliinua mpini, na mwalimu Hezroni, yule mwenye mkono unaoning'inia na mdomo wa damu, aliinuka kutoka mchangani akamwangukia mtoto, akamfunika. Pigo likampata yeye mgongoni. Mpini ulipoinuliwa tena, mimi nilikuwa nimefika. Nilikishika chungu kilichojaa togwa kwa mikono miwili nikampasulia mume wangu kichwani. Alipiga magoti. Alijaribu kusimama, nikamgonga kwa kipande kilichobaki. Wanawake wakaja wakamfunga mikono kwa kanga zao.

Malafyale, chifu wetu, alimpeleka Eliya Tukuyu siku iyo hiyo, na huko kafungwa miezi minne kwa kuvunja mkono wa mwalimu. Kwa mgongo wa mtoto hawakumpa hata siku moja. Walisema mzazi ana haki ya kuonya.

Sasa nakuambia lile nililokunyima. Siku Ambilikile alipozama, Ezra alikuwa naye mtumbwini. Upepo wa mwera uliamka ghafla ukawapindua. Ezra alirudi ameukumbatia mtumbwi; mwanangu alirudi siku ya tatu, amevimba. Eliya hakumsamehe mwanao kurudi hai. Akimwona anakula alimwambia, "Unakula chakula cha marehemu," kisha anachukua kamba. Nilipoingia kati, nilipigwa mimi. Jino langu la mbele halipo, ukija utaliona pengo. Nilifikiri huzuni itachoka. Nilifikiri shati likifungwa vizuri, tutavuka.

Nawe ulimpa mpini.

Atuganile


Kitwe,
3 Oktoba 1954

Dada Atuganile,

Sijui nianze na salamu gani. Mungu akulinde.

Baada ya kusoma barua yako nilishuka zamu, na mtu mmoja akanigusa bega kwa bahati mbaya kwenye lifti ya kushukia. Hakunikosea lolote. Nilimpiga mpaka walinzi waliponivuta, na wakanifungia. Nilipokuwa ndani nilikuwa nayaona yale maneno yangu, umfanye alivyomfanya mwanangu. Nimeyaandika mimi.

Mlete Ezra huku. Angetile atakuja tena huko mwezi wa kumi na mbili, arudi naye. Kuna mtu wa kumpokea. Kuna mwanamke hapa, dada, ni mwema, na tuna mtoto wa kike anayeanza kutembea. Ndiyo sababu kila ukiniuliza nitarudi lini nilikuwa napita kando.

Sikukuambia langu, nawe hukuniambia lako. Tumelingana.

Mpe mwalimu Hezroni pole. Sijui aipokee vipi.

Lazaro


Mbugani, Kyela,
16 Januari 1955

Mdogo wangu Lazaro,

Heri ya mwaka mpya, wewe na mke wako na binti yenu. Mwambie mkeo wifi yake anamsalimu. Jina la mtoto hukuliandika, liandike.

Lakini hatujalingana. Mimi nilinyamaza nikiwa chini ya kamba ile ile. Wewe ulinyamaza ukiwa umeshiba.

Nimehama. Siku Ezra alipoweza kubeba mzigo mgongoni tulifunga virago tukaja kwa mama mdogo Damari. Udongo wa huku si wa vyungu, najifunza kulima mpunga nikiwa na miaka hii. Kabla hatujaondoka mwalimu Hezroni alikuja kutuaga. Mkono umeunga kombo, na sasa anaongea kwa kuvuta maneno kwa sababu ya meno. Amri yake haikufutwa, kaptula nyeupe zipo, ila ameongeza neno: mtoto anayetaka kubaki na shati abaki nalo, na asiulizwe mbele ya wenzake. Alimwambia Ezra, "Nilikuuliza kwa fimbo. Nisamehe." Ezra aliangalia chini.

Shule ya hapa nayo wanavua mashati michezoni. Siku ya kwanza alivua bila kuambiwa. Watoto wakamzunguka, wakamuuliza mgongoni kuna nini. Akasema, "Nilipigwa. Tupieni mpira." Wakacheza.

Sasa sikiliza lililotokea Alhamisi. Eliya ametoka kifungoni Tukuyu. Alikuja mchana, siku ya soko, akasimama nje ya uzio. Amekonda, na kichwani kwake pana kovu langu. Mikono ilikuwa mitupu. Nikachukua mchi.

"Sikuja kwako," alisema. "Nimekuja kwa mtoto. Nataka kumuuliza neno moja."

Nikamwambia akitia mguu ndani ya uzio namuua, na nilimaanisha. Lakini Ezra alishasikia, akatoka ndani, akasimama nyuma yangu, mkono wake umeshika nguo yangu.

Eliya akauliza, "Mwanangu alisema nini? Mwisho."

Ezra akasema, "Nikikuambia utanipiga."

"Sitakupiga."

"Alikuwa ameshaushika mtumbwi, Tata. Tulikuwa tumeushika wote wawili. Akaona nyavu zako zinakwenda na maji. Akasema, 'Baba ataniua.' Akaachia, akazifuata."

Lazaro, nimeona watu wakipigwa. Nimepigwa, na nimepiga. Sijaona mtu aliyepigwa kama alivyopigwa Eliya pale. Hakulia. Alishika uzio, akakaa kwenye tope la barabarani katikati ya watu wanaokwenda sokoni na ndizi vichwani, wakawa wanampitia pembeni. Sikumpa maji. Sikumwinua. Baadaye alijiinua mwenyewe akaondoka kuelekea bondeni, wala sijui alikokwenda.

Alipopotea nikamuuliza Ezra, "Kwa nini hukusema mwaka mzima? Ungemnyamazisha."

Akanijibu, "Alikuwa ananipiga huku analia, shangazi. Nikawaza, akijua ukweli, nani atamnyamazisha yeye?"

Hatakuja Kitwe. Nilimuuliza, akasema hapana. Ukitaka kumwona mwanao, barabara unaijua.

Dada yako,
Atuganile